Sura ya Saba: Meza Itiiyo Upepo

Msafiri avukaye kivuko cha Likoni na kuifuata barabara iendayo kusini, akapita Waa na Tiwi na Ukunda, akaiacha njia ya Gazi, akapita Msambweni na Ramisi hata akafika mpakani Lunga Lunga, husafiri katika nchi nyembamba ambayo kushoto kwake ina bahari na kulia kwake ina vilima vya Shimba, na kwa sababu masafa baina ya viwili hivyo si makubwa, jiko moja la kijiji huweza siku moja kupokea samaki aliyevuliwa alfajiri, nazi iliyoangushwa asubuhi, kisamvu kilichochumwa nyuma ya nyumba, na machungwa yaliyoteremshwa kutoka Shimba Hills kabla ya adhuhuri. Nchi zilizokirimiwa hivi ni chache. Walakini neema ya nchi si dhamana ya neema ya mezani, kwani katika barabara hiyo hiyo mna nyumba za chakula ambazo mgeni aweza kula ndani yake mwaka mzima asijue kama yupo Kwale au yupo mji mwingine wowote ufikiwao na lori la barafu. Na mna nyingine, aghalabu ndogo, za makuti na mabati, ambazo tonge la kwanza humwarifu mlaji ni mwezi gani, upepo gani unavuma, na bahari imejaa au imetoka.

Sura hii ni ya hizo za pili. Naamini kwamba nyumba ya chakula hustahili kuitwa ya mahali ilipo pale tu mpishi wake anapokubali kuamrishwa na majira, na kwamba alama iliyo wazi kuliko zote ya utii huo ni ujasiri wa kumwambia mgeni, bila haya na bila udhuru mrefu, kuwa kitu alichokitamani leo hakuna. Mama auzaye chakula kando ya soko la Msambweni, akiulizwa pweza katika siku za maji mafu, mwamba ukiwa umefunikwa, hujibu, "Ngoja bamvua, mwanangu," kisha akapakua alichonacho. Na jibu hilo lina elimu ndani yake kuliko karatasi ndefu ya vyakula iliyopigwa chapa kwa rangi, ambayo haibadiliki kusi wala kaskazi.

Yafaa basi tuianze habari hii kwa upepo wenyewe. Kaskazi huanza kuvuma karibu na Disemba na kuendelea hata Machi, na muda huo bahari hulala, maji huwa maangavu, na mashua hupata kutoka nje ya mwamba kwenda kwenye kina. Huu ndio wakati wa nguru, jodari na kolekole. Na ndio wakati ambapo wavuvi wa Pemba huvuka mkondo wao kuja kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, Shimoni, Vanga na vijiji vingine vya pwani hii, wakakaa miezi kadhaa kabla ya kurudi kwao, wakauza, wakanunua, na wengine wakaoa. Na kama kwamba haikutosha, miezi hiyo hiyo huivisha maembe, hukomaza korosho mashambani Msambweni, na kuwapa watoto mabibo ya kufyonza njiani hata nguo zao zikapata madoa yasiyotoka. Mpishi wa kaskazi ana kazi ya kuchagua tu. Samaki mkubwa hukatwa vipande, akachomwa kwa makaa, kisha akapakwa tui zito lililotiwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili, akarudishwa motoni kitambo kidogo hata tui likamshika. Na pembeni hupo embe bichi lililokatwa vipande vyembamba na kutiwa chumvi, kwa kuwa ukali wake huupunguza uzito wa nazi.

Kusi huja na Aprili, na masika huja pamoja nayo. Mawimbi hupanda, mashua nyingi hazithubutu kuvuka mwamba, na wavuvi hurudi ndani ya mwamba wakategemea malema, mishipi na nyavu ndogo. Samaki wa kusi ni tafi, pono, changu na mkundaji, wenye miiba mingi na nyama chache, ila watamu sana, na bei yao hupanda kwa sababu mikono mingi huwagombania. Lakini ardhi nayo hulipa deni la bahari: mchicha, mnavu, mchunga na majani ya kunde hujaa mashambani na kando za njia, na akina mama wa Kidigo, ambao ujuzi wao wa majani ya kuliwa haujapata kuandikwa kama ustahilivyo, huchanganya mboga chungu na mboga laini katika chungu kimoja, wakatia tui, wakapata kitoweo ambacho sima ya mahindi hukitamani. Mimi huamini kwamba katika miezi ya masika chakula kizuri kuliko vyote cha Kwale hakina samaki mbichi hata mmoja. Ni mchuzi wa ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa na kukaushwa kwa chumvi na jua katika siku za kaskazi, akawekwa akiba, akaja kutolewa wakati bahari imefunga mlango. Huliwa kwa mihogo iliyopikwa kwa nazi, na mle ndani majira mawili hukutana, lile lililopita na hili lililopo. Wenye uwezo mdogo hupika pia kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, chakula ambacho nyumba nyingi za kuuzia hukionea haya kwa sababu ya umaskini wa sura yake. Ningependa kukiona kwenye kila meza ya Ukunda.

Zaidi ya upepo upo mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na katika pwani hii maji ya bamvua hutoka kabisa karibu na saa nne au saa tano ya asubuhi, mwamba ukawa wazi, na wanaume na wanawake wakaushukia kwa miguu wakiwa na mkuki mwembamba au fimbo ya chuma, wakichungulia katika mashimo. Pweza ni mali ya siku hizo. Hupigwa ili alainike, akachemshwa, maji yake yakanywewa supu yenye pilipili na ndimu, nyama yake ikapikwa kwa nazi. Baada ya siku chache maji hufa, mwamba hubaki umefunikwa, na pweza huadimika tena hata mwezi ugeuke. Na yule atakaye kumla kila siku hana budi kumla wa barafu.

Watu wasiopewa haki yao katika habari hizi ni wale waitwao mama karanga. Hawa ni wanawake wanunuao samaki bandarini na kuwakaanga ili kuwauza jioni, kando ya barabara au mlangoni kwao, pamoja na mihogo ya kukaanga, viazi karai, pilipili na ndimu. Si wenye majengo, hawana ubao wenye jina, na wageni wa Diani huwapita bila kuwatazama. Lakini ukitaka kujua nani hulisha vijiji kutoka Tiwi hata Vanga, jibu ni wao. Tabu yao ni kwamba samaki mkubwa huwa amekwisha kupata bwana kabla hajafika mchangani: mfanyabiashara, ambaye wavuvi humwita tajiri, aghalabu ndiye aliyekopesha mshipi au wavu au mafuta ya mashine, naye huchukua kilicho bora akakitia barafu kwa ajili ya Mombasa na mahoteli makubwa. Mama karanga hubakiwa na wadogo. Sina shaka kwamba ufundi wao wa kumkausha tafi mdogo katika mafuta hata mwiba ukawa wa kutafunika ulizaliwa na dhiki hiyo, na ufundi huo ni fakhari. Lakini si insafu kwamba wanaolisha wengi wawe wa mwisho kuchagua.

Tukifika Gazi twakuta mfano wa namna nyingine. Gazi ni kijiji chenye historia nzito, kwa kuwa ndipo alipokaa Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza katika miaka ya 1895 na 1896 kabla ya kukimbilia upande wa Wajerumani. Leo sifa ya kijiji hicho ni mikoko. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiwa na wataalamu wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, wanahifadhi hekta 117 za msitu huo chini ya mradi uitwao Mikoko Pamoja, wakauza hewa ya ukaa ambayo msitu huizuia, na mapato yake yakaleta maji na vitabu vya shule; mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Ndani ya mikoko hiyo akina mama wa Gazi wana njia ya mbao ipitayo baina ya mikoko na michu, na mwisho wake huandaa chakula kwa wageni: wali wa nazi au pilau, samaki, mboga, na madafu. Sharti lao ni moja, na mimi hulisifu: mgeni hana budi kutoa habari mapema, ili wapate kununua samaki bandarini na kukuna nazi. Mtu afikaye ghafla na njaa yake huenda akarudi nayo. Wengine huona huo ni upungufu wa biashara. Bali huo ndio uaminifu wake, kwa maana chakula kisichokuwako kabla ya mgeni kukitaka hakiwezi kuwa kilikaa ghalani. Tena chakula hicho na msitu ule hutegemeana kwa damu, kwa sababu baina ya mizizi ya mikoko ndimo wakuamo samaki wachanga na kamba na kaa, na aukataye mkoko wa Gazi huikata meza ya Gazi.

Kusini zaidi, mbele ya Shimoni, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, kipo kisiwa cha Wasini, chenye kijiji cha Wavumba na kijiji cha Mkwiro, kisicho na gari wala mto, ambacho wenyeji wake tangu zamani hukinga maji ya mvua katika mabirika. Hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti iliyo karibu huleta wageni kila siku ya kaskazi, na desturi imekwisha simama kwamba wageni hao wakitoka kuogelea juu ya matumbawe huletwa kisiwani kula kaa. Kaa wa Wasini hupikwa kwa tangawizi, akaletwa mzima pamoja na gogo dogo na kipande cha mti cha kumpasulia, na hapana awezaye kumla kwa haraka. Lakini mimi kinachonivuta zaidi ni kile kiletwacho kabla yake, sahani ya mboga ya pwani, jani nene lenye majimaji liotalo penye mchanga ufikiwao na maji ya chumvi, ambalo halihitaji chumvi kwa sababu bahari imekwisha litia. Kisiwa kisicho na maji ya kumwagilia bustani kimepata bustani yake mahali ambapo mkulima mwingine angepaita jangwa. Akina mama wa Wasini nao wana njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari, na kiingilio chake husaidia mahitaji ya kijiji.

Mbali sana na hapa, katika pwani ya Kent nchini Uingereza, karibu na mji wa Whitstable, kipo kijiji kiitwacho Seasalter, na ndani yake baa ya kijiji iitwayo The Sportsman, ambayo mpishi Stephen Harris aliishika mwaka 1999. Alianza kupika vilivyokuwa vikionekana dirishani: kondoo waliolishwa katika nyasi za kinamasi, chaza wa Whitstable, majani ya ufukweni, na chumvi akaitengeneza mwenyewe kwa kuyachemsha maji ya bahari. Mwaka 2008 baa hiyo ikapewa nyota na kitabu cha Michelin, na watu wakawa wanasafiri kutoka London na mbali zaidi kwenda kula mahali ambapo zamani wakulima walikuja kunywa. Simtaji bwana huyo ili Wasini ipate cheo kutoka kwake. Wasini ilikula majani yake kabla hajazaliwa. Namtaja kwa sababu Waingereza, ambao vijiji vyao vilikaribia kusahau ladha yao wenyewe, waliona kuwa jambo hili lastahili heshima na bei nzuri, ilhali sisi tulio na watu wasiosahau twawalipa vijisenti, na vijana wetu hufundishwa kwamba mpishi kamili ni yule ajuaye vyakula vya mahali pengine.

Na kwa kuwa baa za vijiji vya Uingereza zilijengwa juu ya kinywaji kabla ya chakula, si adili kuipita mangwe, ambayo katika nchi ya Wamijikenda ndiyo baraza ya tembo la mnazi. Wadigo walio wengi ni Waislamu na tembo ni haramu kwao, na mwandishi mwenye adabu hawezi kulizungumza jambo hili kama kwamba si kitu. Lakini majirani wao wengi hulinywa, na kazi ya mgema ni ya pwani hii tangu na tangu. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akalikata karara ncha yake kwa kisu kikali, akalifungia kibuyu au chupa, na utomvu ukatona. Lichukuliwapo asubuhi tembo ni tamu kama maji ya sukari. Mchana hukaa limechacha. Na likiachwa siku kadhaa huwa siki, ambayo majiko mengi, na ya Waislamu pia, yamepata kuitumia. Mangweni watu hukaa juu ya magogo chini ya miembe, huongea habari za mashamba na mahari na kesi za mipaka, na hapo karibu huwapo mtu achomaye mishkaki au auzaye mihogo na samaki. Jambo moja la hesabu halina budi kukumbukwa: karara lililogemwa halizai nazi. Kila kibuyu cha tembo kimelipiwa kwa tui ambalo halitakamuliwa, na mwenye minazi michache huchagua kila mwezi baina ya mangwe na jiko.

Sitaki msomaji adhani kwamba naihubiri meza iliyofungwa isipokee cha nje. Mchele uliomo katika sufuria nyingi za Ukunda ni wa Pakistani, kwani mpunga wa mabonde ya Vanga na Msambweni hautoshi, na pilipili manga na mdalasini wa pilau zetu vilikuja kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi ile ile iwaletayo Wapemba. Pwani hii haijapata kuwa kisima kilichofunikwa. Ninalolikataa ni samaki wa barafu kutoka mbali kuliwa Diani siku ambayo tafi wa Diani amekosa mnunuzi.

Diani imekwisha kupata mafunzo makali juu ya jambo hili. Zama za hoteli za Jadini, Two Fishes na Trade Winds ufukwe ulijengeka hoteli baada ya hoteli, na kijiji cha Ukunda kikakua nyuma yake kikiwategemea wageni. Ikaja Agosti 1997, fujo na umwagaji damu wa Likoni, na watalii wakaondoka. Vyumba vikakaa vitupu, na maelfu ya vijana wakarudi makwao bila mshahara. Ikaja 2020, na mwezi wa Aprili serikali ikafunga njia za kuingia na kutoka Kwale, Kilifi na Mombasa kwa sababu ya maradhi ya korona. Nyumba iliyomtegemea mgeni peke yake haikuwa na la kufanya. Lakini mahamri na mbaazi za nazi za asubuhi, ambazo mnunuzi wake ni dereva wa bodaboda, mwalimu, fundi na mama aendaye sokoni, hazikuwa na sababu ya kukoma, kwa maana mlaji wake hakuwa na mahali pengine pa kwenda, na mbaazi zake hazikutoka ng'ambo. Awekaye mtaji katika nyumba ya chakula pwani hii, na amuulize kwanza jirani yake anakula nini.

Limebaki jambo la Ramadhani, ambalo huzigeuza nyumba hizi zote. Mchana milango hufungwa au huachwa nusu, na baada ya alasiri barabara za Msambweni na Ukunda hujaa meza za kaimati, mkate wa sinia, sambusa, tambi za sukari, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga. Watu wengi hudhani futari ni ile ile kila mwaka. Sivyo, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja, basi Ramadhani hutembea kinyumenyume katika majira yote na huchukua kama miaka thelathini na mitatu kuyazunguka. Kuna Ramadhani za ng'onda na mboga chungu, na kuna Ramadhani za nguru na maembe. Tena kwa kuwa mwezi huandama pamoja na bamvua, siku za kwanza za saumu huukuta mwamba ukiwa wazi, na pweza hupatikana kwa futari za mwanzo, huadimika, kisha hurudi usiku wa mwezi mpevu katikati ya mfungo. Mwaka 2025 Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi, mwisho wa kaskazi, maembe yakiwa yamekwisha kupungua sokoni. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba, na wapishi waliokuwa wasichana katika Ramadhani za Disemba za 1998 na 1999 watapika tena, kwa nguru wabichi na maembe ya msimu, futari ambazo binti zao waliozaliwa baadaye hawajapata kuziandaa.